Ndoto za kupanda farasi: maswali mnayouliza kila mara

Kila nikisema kwamba mimi huwa naota nimepanda farasi, lazima atokee mtu wa kunivuta pembeni aniambie na yeye pia, afu anaanza kuuliza, na maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa yote. Mimi siyo daktari wala mfasiri wa ndoto, ni mtu tu ambaye hizi ndoto zimemfuata miaka mingi mpaka ikabidi asome.

Nimeota niko juu ya farasi na ilikuwa kama kweli kabisa. Nina tatizo?

Hapana, tulia. Ndoto kali za namna hiyo nyingi zinakuja kwenye usingizi unaoitwa REM, ule ambao macho yanacheza huku na huku chini ya kope wakati mwili wote umelegea hauna nguvu. Waligundua mwaka 1953 pale Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Huu usingizi unakuja kwa mizunguko, kama kila dakika 90 hivi, wa kwanza unakuwa mfupi tu ila kadri kunavyokaribia kucha ndo unarefuka, ndiyo maana farasi wa saa kumi na moja alfajiri anakuja na vumbi na upepo na harufu, wakati ndoto ya saa sita usiku hata huikumbuki. Muda huo sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na picha zinachapa kazi, ila ile ya mbele ambayo kazi yake ni kuuliza "hivi hii inaingia akilini kweli?" imepoa. Kwa hiyo farasi anapanda ngazi, anaongea kwa sauti ya bosi wako, na wewe unaona sawa tu.

Sijawahi kupanda farasi hata siku moja, mwili wangu umejuaje?

Haujajua, umekopa. Ulibebwa mgongoni utotoni, umepanda baiskeli, bembea, pikipiki, gari kwenye barabara ya mashimo, umeona farasi kwenye video mara mia, basi ubongo unaokota vipande vipande unashona. Na ni fundi kweli kweli, kuna watu waliozaliwa hawawezi kutembea na watafiti walipowauliza ndoto zao wakakuta humo ndani wanatembea vizuri tu.

Mimi miaka yote farasi wangu wa ndotoni alikuwa anatetemeka kama pikipiki iliyowashwa inasubiri kuondoka. Nilikuwa najua ndo farasi walivyo. Siku nimepandishwa farasi wa kweli nikashangaa, hatetemeki hata kidogo, anakuyumbisha kiuno, kushoto, kulia, polepole kama mtu anayekubembeleza, na joto lake linapita kwenye suruali mpaka mapajani, afu masikio yake yanageuka nyuma kila ukiongea. Wiki haijaisha nikaota tena, na farasi wangu akawa ameacha kutetemeka. Masikio nayo yanageuka.

Nimeanza mafunzo ya kupanda farasi, nikifumba macho tu nahisi bado naruka ruka. Kawaida?

Kawaida kabisa. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Harvard walichezesha watu gemu la Tetris, lile la kupanga vidude vinavyodondoka, afu walipokuwa wanasinzia wakawa wanaona vile vidude vikidondoka. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kati yao walikuwepo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, hawakumbuki hata kama walicheza hilo gemu, lakini picha wanaziona. Sasa kama gemu la kukaa kwenye kiti linafanya hivyo, fikiria kitu ambacho kimekusugua mapaja saa nzima. Na usishangae farasi akipotea siku chache afu akarudi baada ya siku tano mpaka saba, jambo la mchana lina tabia ya kurudi kwenye ndoto usiku uleule au kama wiki hivi baadaye.

Sawa, sasa maana yake nini?

Hapa ndo wengi wanataka kamusi. Farasi mweupe ni hiki, mweusi ni kile. Sikupi, kwa sababu siiamini, na hata wakongwe wa hii kazi hawakufanya hivyo. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2 aliyeandika vitabu vitano vya kufasiri ndoto, alikuwa anasisitiza umuulize kwanza aliyeota ni nani, anafanya kazi gani, ni tajiri au mtumwa, mzima au mgonjwa, maana ndoto ileile kwa huyu ni heri kwa yule ni msiba.

Mimi kitu cha kwanza nachouliza ni hatamu zilikuwa kwa nani. Kiswahili chenyewe kimeshatufanyia nusu ya kazi, mtu akipewa madaraka tunasema kashika hatamu, na hakuna anayefikiria farasi wakati anasema. Sasa ukiota umeshika hatamu na farasi anakusikia, ukivuta kidogo anageuka, ukilegeza anaenda, mara nyingi kuna sehemu ya maisha yako ambayo kwa sasa inakutii, au unaitamani ikutii. Ukiota hatamu hazipo, au zipo ila zimekatika, au umezishika kumbe farasi hana lijamu mdomoni kwa hiyo unavuta kamba tu, hapo nakaa chini na wewe tuongee. Kuna jamaa aliniambia kwenye ndoto yake hatamu zilikuwa ndefu mno, anavuta anavuta hazikazi, anazikusanya mapajani kama kamba ya kuanikia nguo, na farasi anaendelea zake. Alikuwa amepewa kazi ya kusimamia watu ambao wote wanapokea maagizo kwa mtu mwingine. Sikuwa na haja ya kumfasiria.

Swali la pili ni ulijisikiaje ulipoamka, nusu dakika ya kwanza kabla akili haijaanza kutunga hadithi. Ndoto ya kukimbia shoti juu ya farasi ni ileile kwa watu wawili, mmoja anaamka anacheka mwingine moyo unamdunda, na hizo siyo ndoto moja.

Hii picha ya mtu na farasi kama mtu na nafsi yake ni ya zamani sana. Plato, yule mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, aliichora roho kama mwendesha gari la farasi wawili, mmoja mtiifu mwingine mkorofi. Mwaka 1923 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyejulikana kwa kuchambua akili na ndoto, naye akaja na mpanda farasi, akasema nguvu ni za farasi, siyo za mpandaji, na kuna wakati mpandaji asiyetaka kutenganishwa na farasi wake inabidi amwongoze kulekule farasi anakotaka kwenda. Hiyo ya mwisho niliisoma nikaifunga simu nikakaa kimya, kwa sababu nusu ya maamuzi yangu ya maisha yamefanyika hivyo.

Freud si alisema kila ndoto ni ngono?

Watu wanamsingizia kidogo, japo na yeye alijitakia. Kupanda farasi kwenye mapokeo yake kweli kunahusishwa na ngono, na kuna ndoto nyingine kweli ni hamu tu, hakuna haja ya kuizungusha. Ila ujue kwamba kwenye REM mwili unasisimka wenyewe, wanaume kwa wanawake, hata kama unaota unajaza fomu, kwa hiyo ukiamka kwenye hali hiyo usimlaumu farasi.

Ila kuna kitu wengi hawajui, Freud mwenyewe aliota amepanda farasi, na ameisimulia kwenye kile kitabu chake cha ndoto chenye mwaka 1900. Alikuwa na majipu, moja saizi ya tufaha limemtoka chini ya korodani, kila hatua ni maumivu. Kama kuna kitu kimoja duniani asingeweza kufanya siku hiyo ni kupanda farasi. Na hakuwa mpandaji, alishakaa juu ya farasi mara moja tu, bila tandiko, na hakupenda. Usiku huo akaota yuko juu ya farasi wa kijivu, mwanzo anababaika, baadaye anajiona yuko vizuri kabisa, starehe. Maelezo yake ni kwamba ndoto ilikuwa inamwambia lala, huna jipu, mwenye jipu angepandaje farasi? Na lile tandiko la ndotoni akaona ni kile kitambaa cha dawa alichobandikwa. Mimi hii naipenda kuliko nadharia zake zote. Kabla hujatafuta siri za roho, angalia kwanza ulilaliaje, mto uko wapi katikati ya miguu, kibofu kimejaa au la.

Farasi anakimbia na mimi, namvuta hasimami. Nini hii?

Hii ndo naletewa kuliko zote. Na mara nyingi mwenye ndoto analijua jibu, anataka tu mtu mwingine aliseme. Kuna kitu umekianzisha kina mwendo kuliko wewe: deni, mapenzi, kazi uliyoipokea kwa kiburi, hasira. Angalia farasi anaelekea wapi. Kama anakimbilia nyumbani ni tofauti na anayekimbilia bondeni. Angalia pia kama una hofu ya kudondoka au una hofu ya kugonga watu, maana wa pili huyo anaogopa kuumiza wengine, na huwa ndo mtu anayejikaza kucha kutwa asimkasirikie mtu.

Mapigo ya moyo na pumzi kwenye REM havina mpangilio, vinapanda vinashuka, kwa hiyo sehemu ya kile kishindo cha kwato inaweza kuwa ni kifua chako tu.

Na asipotaka kwenda kabisa? Nampiga mateke amesimama tu

Maelezo moja yanayotolewa sana ni ule ulegevu wa misuli niliousema mwanzo, ubongo unatuma amri ya mguu na mguu haujibu, basi ndoto inatafuta sababu. Kwa maana ya maisha, hmm, muulize huyo farasi umempa kula lini mara ya mwisho. Sitanii. Waliochoka kabisa, wale wa kazi bila likizo, wanaiota sana hii, na wote wanamlaumu farasi.

Nimeanguka nikashtuka

Kama ilikuwa ndo kwanza unasinzia, huo ni ule mshtuko wa misuli wa kuingia usingizini, unampata karibu kila mtu, na unakuja zaidi ukiwa umechoka au umekunywa kahawa nyingi. Hapo ndoto inaweza kuwa imetungwa ghafla kueleza mshtuko, wala haukuanza na kuanguka. Kama ni katikati ya usiku, uko ndani ya ndoto ndefu, ukaanguka, basi cha kuangalia ni baada ya hapo nini kilitokea. Farasi alikusubiri? Mimi wangu aliwahi kunisubiri, amesimama kando hatamu zinaburuza chini, ananiangalia kama mtu aliyechelewa, na ile ndoto ilinipa amani mwezi mzima.

Nilikuwa napanda farasi wawili kwa wakati mmoja, mguu huku mguu kule

Wewe si umeshasikia, mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Nenda kaamue.

Rangi ya farasi ina maana?

Kwako labda. Kama farasi wa kahawia alikuwa wa babu yako, ana maana. Kama ni rangi tu, ni rangi tu. Mimi naangalia zaidi hali yake, amekonda, amenona, ana kidonda chini ya tandiko, hiyo inasema mengi kuliko weupe na weusi.

Kidini je? Naambiwa farasi ni heri, wengine wanasema ni vita

Wote hawajakosea. Kwa Waislamu kuna hadithi maarufu kwamba heri imefungwa kwenye nywele za paji la uso wa farasi mpaka siku ya kiyama, na wafasiri wengi wanamwona farasi kama heshima, nguvu na cheo. Jina linalotajwa sana ni Ibn Sirin wa Basra aliyefariki mwaka 729, ila vitabu vinavyouzwa kwa jina lake vingi ni vya waliokuja nyuma yake, kwa hiyo usivishike kama amri. Na kuna ile hadithi nyingine inayogawa ndoto mara tatu, bishara kutoka kwa Mungu, huzuni ya shetani, na yale mtu anayojiongelesha mwenyewe. Hilo fungu la tatu watu wanalirukaga, na nadhani ndo lenye farasi wengi. Kwa Wakristo wanakumbuka Ufunuo sura ya 6, mweupe, mwekundu, mweusi na yule wa kijivujivu ambaye aliyempanda ni Mauti, ndo maana mtu akiota wa kijivu anakuja amepauka. Lakini farasi wa mle wana kazi yao maalum kwenye maono yale, hawajaagizwa kwako. Ukiwa na mashaka ya imani nenda kwa kiongozi wako wa dini unayemwamini, siyo kwa mtu anayetaka umtumie hela kwanza ndo akufasirie.

Niweke beti kwa farasi niliyemuota?

Hapana jamani.

Mbona zimeanza ghafla, kila usiku, kali kali?

Hapa acha farasi kwanza, tuangalie mengine. Dawa mpya? Zipo zinazojulikana kabisa kwa kuleta ndoto kali: efavirenz ya virusi vya ukimwi, mefloquine ya malaria, propranolol ya presha, baadhi ya dawa za sonona, plasta za nikotini za kuachia sigara. Kama ndo hivyo rudi kwa daktari wako umwambie, usiache dozi kwa kichwa chako. Umeacha pombe juzi? Pombe inabana REM, ukiiacha inarudi na riba. Hujalala siku kadhaa afu umelala fofofo? Ileile. Homa, ujauzito, stresi za mtihani, vyote vimo. Na wakati mwingine ndoto hazijaongezeka, ila unaamka amka sana usiku kwa hiyo unazikumbuka zaidi.

Ni jinamizi? Nahisi kama mimi ndo nimepandwa

Hiyo ni nyingine. Kama umeamka, unaona chumba, ila huwezi kusogea na kuna kitu kimekukalia kifuani, ule ulegevu wa REM umechelewa kuondoka wakati wewe umeshaamka. Inatisha kuliko maelezo, ila inapita ndani ya dakika chache. Kuna mchoro maarufu wa Henry Fuseli wa mwaka 1781, mwanamke amelala chali, kidude kimemkalia kifuani na nyuma ya pazia kichwa cha farasi kimechungulia macho yametoka, kwa hiyo hujaanza wewe kuvichanganya hivi vitu.

Mume wangu anapiga mateke kitandani kweli kweli, anasema anakimbiza farasi

Hili dada yangu usilichekee. Ule ulegevu ukishindwa kufanya kazi, mtu anaigiza ndoto yake, anapiga ngumi, anaruka kitandani. Ilielezwa kitaalamu mwaka 1986 na inawapata zaidi wanaume wa miaka 50 na kuendelea, na baadhi yao baadaye huja kupata magonjwa ya ubongo kama Parkinson, ule wa kutetemeka. Siyo wote, ila ni sababu tosha ya kumpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu au wa usingizi. Kwa sasa ondoa vitu vyenye ncha karibu na kitanda.

Ndoto mbaya ya farasi inajirudia, naiondoaje?

Kuna njia imefanyiwa utafiti na inasaidia wengi, haina uganga. Mchana, ukiwa umetulia, iandike ndoto, afu ibadilishe popote unapotaka, siyo lazima mwisho, uiandike upya, halafu kila siku dakika 10 mpaka 20 uipitie hiyo mpya kichwani kama unaangalia video. Usiipitie ile mbaya. Mimi nilikuwa nina farasi anayeingia mtoni na mimi juu yake, maji yanafika kifuani. Nikambadilisha: akifika ukingoni anainama anakunywa. Basi, hiyo tu. Nikairudia kama wiki mbili. Mto ulikuja tena mara moja, na kweli akainama, na nakumbuka sauti ya kunywa kwake, zile funda zinapanda na shingo. Hajaingia majini tena.

Kama ndoto inarudia ajali au ukatili uliokupata kweli, usijifanyie peke yako, tafuta mtaalamu wa afya ya akili.

Nataka kuiota makusudi, inawezekana?

Kwa kiasi. Ukiamka alfajiri usinyanyuke, kumbuka ndoto iliyopita, jiambie nikiota tena nitajua naota, jione uko juu ya farasi na unajua, lala. Stephen LaBerge wa Stanford miaka ya 1980 mwanzoni alithibitisha maabara kwamba mtu anaweza kujua anaota, walikubaliana ishara za macho na waotaji wakazituma wakiwa usingizini. Hatari moja, ukigundua unaota unafurahi sana unaamka. Farasi kaondoka, umebaki na shuka.

Nazisahau zote

Ukiamka usishike simu. Kaa vilevile ulivyolala, anza na picha ya mwisho urudi nyuma, afu andika hata maneno matatu.

Mwanangu wa miaka sita anaota farasi kila siku

Watoto wanaota wanyama kuliko watu wazima, inapungua wakikua. Mwache asimulie, muulize farasi anaitwa nani.

Na farasi mwenyewe, huota?

REM anayo. Farasi anasinzia amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga magoti bila kutumia nguvu, lakini kwa REM lazima alale chini kabisa, misuli ilegee, na kwa siku nzima anaipata kama nusu saa hivi tu. Akiwa mahali anapoogopa halali chini, anakosa hiyo nusu saa siku baada ya siku, mwisho unamkuta amesimama anasinzia magoti yanamkunjika ghafla. Ila akijisikia salama analala ubavu, midomo inacheza, kope zinatetemeka, kwato zinapiga piga hewani. Niliwahi kumwona mmoja hivyo na aliyekuwa anamtunza akanishika mkono, akaniambia tupite huku nyuma, tusimwamshe.